Arabuko-Sokoke: msitu ambao kiwavi ana bei

Wageni wengi wanaofika Watamu, kaunti ya Kilifi, hufuata bahari: matumbawe, kasa, mikoko ya Mida. Lakini ukivuka barabara kuu ya Mombasa na Malindi pale Gede, unakutana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Humo anaishi sange, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya rangi ya dhahabu.

Kwa mkulima wa pembeni mwa msitu, sifa hizo hazijazi sufuria. Anachokijua yeye ni ndovu kuvamia mahindi na nyani kumaliza mihogo. Ndiyo maana zamani wenyeji wengi walitaka msitu ukatwe wapate mashamba, na sisi hatuwalaumu.

Mwaka 1993 ulianza hapo Gede mradi wa Kipepeo, kuwapa majirani hao sababu ya kuutaka msitu. Mfugaji hunasa kipepeo jike na kumfungia kwenye wavu ili atage. Mayai yakianguliwa, viwavi hulishwa majani, na hapo ndipo penye kazi, maana kila aina ina mti wake. Kuna kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye viwavi wake hula majani ya mndimu na mchungwa. Ukiwapa ya mwembe watakufa njaa. Kwa hiyo mfugaji hupanda miti ya chakula karibu na nyumba, lakini bado anahitaji msitu ulio hai ili apate majike wapya.

Kiwavi akishashiba hujining'iniza akatulia kama jani kavu. Hatua hii huitwa pupa, na kweli ni ya pupa: ndiyo inayouzwa, na zimebaki siku chache tu kabla kipepeo hajatoka. Hupakiwa kwa uangalifu na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kuwatazama vipepeo wakiruka.

Udhaifu wa biashara hii ulionekana 2020, safari za ndege zilipositishwa kwa sababu ya korona. Mahindi utayaweka ghalani usubiri bei. Pupa hasubiri.

Ukitaka kuanza, panda miti ya chakula kwanza, na usiingie msituni na wavu bila kibali. Msitu huu ni hifadhi.