Kulinda Ziwa Si Kibali cha Kupanga Bei

Kutoka Mwigobero mjini Musoma hadi Guta na Kisorya wilayani Bunda, swali ni lile lile: "Wanunuzi wa sangara tukikubaliana bei moja ili kulinda ziwa, si sheria inaturuhusu?" Hairuhusu.

Wanaouliza wamesikia kifungu cha 12 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ni kweli, kinataja utunzaji wa mazingira kati ya manufaa yanayoweza kuifanya Tume ya Ushindani isamehe makubaliano yanayobana soko. Lakini msamaha huombwa, mtu hajichukulii. Mwombaji aonyeshe kwamba umma utanufaika, kwamba ushindani haubanwi kupita inavyohitajika, na kwamba faida inazidi hasara. Tena kifungu cha 9 kinawakataza washindani kupanga bei, bila kujali athari zake sokoni.

Hoja kwamba bei ndogo hupunguza uvuvi nimechoka kuisikia. Mvuvi ana deni la mafuta, nyavu na malipo ya vibarua. Ukimshushia bei, hakai nyumbani: anaongeza safari za ziwani, anakokota kokoro, anabeba sangara wachanga, au anavusha mzigo Kenya. Ziwa linazidi kukamuliwa, na pesa iliyopunjwa inabaki kwa mnunuzi. Hifadhi iko wapi hapo?

Hata nia njema hupimwa. Mwaka 2015 mamlaka ya ushindani ya Uholanzi iliukataa mpango wa pamoja wa kuuza madukani kuku waliofugwa vizuri zaidi tu. Walaji walikuwa tayari kuongeza senti 82 za yuro kwa kilo, ilhali gharama ingepanda kwa yuro 1.46. Hesabu ilikataa.

Njia halali zipo. Kataeni sangara wa chini ya sentimita 50. Hilo ni agizo la kanuni za uvuvi, halihitaji msamaha. Kila mnunuzi apange bei yake mwenyewe. Vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU) visimamie nyavu na mialo, bei viiache. Viwanda vya minofu vyenye mpango mpana wa pamoja viuombee msamaha kabla ya kuutekeleza, kwa takwimu.

Atakayepanga bei kwanza na kutaja mazingira baada ya kukamatwa ajue faini inaweza kufikia asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka.