Magofu ya Madinat al-Zahra na Khutba ya Kadhi

Msafiri atokaye mji wa Cordoba, katika nchi ya Hispania, akashika njia ya magharibi mwendo wa kilomita nane hivi, hufika chini ya mlima ambao Waarabu waliuita Jabal al-Arus. Hapo ndipo yalipo magofu ya Madinat al-Zahra, nasi tulijaaliwa kuyazuru. Mgeni huanzia kwenye nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2009, kisha hupandishwa mlimani kwa basi.

Mji huu ulijengwa na Abd al-Rahman wa Tatu, wa ukoo wa Bani Umayya, aliyejitangaza kuwa Khalifa mwaka 929. Ujenzi ulianza mwaka 936, na wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba watu 10,000 walifanya kazi kila siku. Urefu wake ulikuwa kilomita moja na nusu, na upana nusu ya hapo. Ulipangwa kwa daraja tatu juu ya mteremko: juu kasri la Khalifa, katikati mabustani na ukumbi wa kupokelea mabalozi, na chini maskani ya watu.

Tulisimama juu, tukatazama bonde. Tukaona jambo lililotushangaza. Kuta za kasri zimefuata mstari mmoja, lakini chini yake upo msikiti uliokaa mshazari, kana kwamba umekataa kupangwa pamoja nazo. Mwanzo tulidhani mafundi walikosea. Kumbe sivyo! Kasri limefuata umbo la mlima. Msikiti umefuata Kibla.

Hapo tukakumbuka kisa alichokisimulia al-Maqqari katika historia yake ya Andalusi. Khalifa alishughulika mno na majengo yake, hata zikampita Ijumaa tatu asihudhurie sala. Alipokuja, aliyepanda mimbari alikuwa Kadhi Mundhir bin Said al-Balluti. Kadhi hakumwonea haya. Alianza khutba yake kwa aya za Sura Ash-Shuaraa zinazowakemea watu wa Adi, waliojenga majumba juu ya kila mwinuko kana kwamba wataishi milele. Watu wakalia, na Khalifa naye akalia.

Lakini maneno yale yalimchoma. Alimlalamikia mwanawe al-Hakam kwamba Kadhi amepita mpaka, akaapa kutosali tena Ijumaa nyuma yake. Mwana akauliza: kwa nini basi usimwuzulu? Baba akamkemea, akasema kwamba mtu mwenye fadhila na elimu kama Mundhir haondolewi ili kuiridhisha nafsi iliyopotoka. Kadhi akabaki katika kazi yake.

Na mji je? Mwaka 1010 uliporwa na kuharibiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tangu kuanza kujengwa haikupita miaka 75: umri wa mtu mmoja tu. Mwaka 1031 ukhalifa wenyewe ukakoma. Kwa karne nyingi watu walichukua mawe yake kujengea kwingine. Wachimbaji walianza kuyafukua magofu mwaka 1911, na hata leo sehemu iliyofukuliwa ni kama moja ya kumi. Mwaka 2018 UNESCO iliyaandika miongoni mwa urithi wa dunia.

Enyi vijana, na ninyi wazazi mnaojenga! Uislamu haukukataza nyumba njema. Lakini ni wangapi katika sisi ambao adhana ya Ijumaa hutukuta tukihesabu matofali na mifuko ya saruji, tukasema, “Nitasali wiki ijayo”? Na akitokea mzee wa mtaa au mtoto wetu wa chuoni akatukumbusha, twamshukuru, au twanuna? Khalifa yule alikuwa na uwezo wa kumwondoa aliyemnasihi, naye alimwacha mahali pake, ingawa moyo wake uliumia.

Mwenyezi Mungu atujaalie watu wa kutuambia kweli, na masikio ya kuwasikiliza. Amin.