MANENO YA USHINDI: SARUFI YA MABISHANO JUU YA BAO LA DAKIKA ZA MWISHO

Mwanafunzi wa lugha aghalabu hutafuta mifano yake katika tenzi, hadithi na barua za kale, na afanyapo hivyo hakosei. Lakini liko baraza jingine ambamo Kiswahili husemwa kwa ukali, kwa ustadi na kwa kupimana hoja, nalo ni baraza la mashabiki wa kandanda siku ya pili ya mchezo. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba mabishano yao juu ya jambo moja, yaani ushindi mwembamba upatikanao mwishoni baada ya timu kutanguliwa, ni mabishano ya sarufi kabla hayajawa ya mpira. Swali la kwamba timu imeshinda kwa uwezo au kwa bahati mara nyingi hujibiwa na kitenzi, hali mwenye kukitumia hajatoa bado ushahidi wowote.

Mfano wetu ni mabishano ya mashabiki wa Simba na Yanga, vilabu viwili vya Dar es Salaam. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936. Kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, na jina la Simba ikalichukua mwaka 1971. Mashabiki wake huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Utani ni desturi ya zamani iwapayo watu wa makabila au koo mbili ruhusa ya kuambiana maneno makali pasipo kugombana, na hata kusaidiana msibani. Mtani ana haki ya kutokukusifu. Kwa hiyo timu ya kigeni ijapo kucheza na Simba, si ajabu kumwona shabiki wa Yanga akiishangilia. Na kinyume chake ni vivyo hivyo.

1. Mambo yalivyokuwa

Katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika ya msimu wa 2018/19, Simba ilikutana na Nkana ya Kitwe, Zambia. Ilifungwa 2-1 ugenini. Katika mchezo wa marudiano, Desemba 2018, Nkana ilitangulia kupata bao jijini Dar es Salaam. Simba ikasawazisha, ikapata la pili, na hesabu za michezo miwili zikawa sawa kabisa. Zikiwa zimesalia dakika chache, Clatous Chama, ambaye mwenyewe ni Mzambia, akafunga la tatu, na Simba ikapita kwa jumla ya mabao 4-3.

Jambo kama hilo likarudi tarehe 16 Machi 2019, siku ya mwisho ya hatua ya makundi. Simba ilikuwa na pointi 6, na AS Vita ya Kinshasa ilikuwa na 7. Vita ikatangulia, Mohammed Hussein akasawazisha kabla ya mapumziko, na mchezo ulipofikia dakika ya 90, Chama akafunga la pili. Simba ikamaliza na pointi 9, ya pili nyuma ya Al Ahly ya Misri iliyopata 10. JS Saoura ya Aljeria ilipata 8, na Vita ikabaki na 7. Tazama wembamba wa jambo hili: kama mchezo ungalikwisha 1-1, Simba ingalikuwa na pointi 7 na kushika mkia wa kundi. Bao moja liliitoa nafasi ya mwisho likaiweka nafasi ya pili.

Kuanzia hapo mabishano hayakukoma. Sentensi nitakazozitaja chini si nukuu za mtu fulani. Nimezitunga kwa namna ya usemi ambayo kila aliyepita kijiweni ameisikia.

2. Kufunga, kufungwa, kufungika

Kitenzi cha msingi ni "funga". Katika kandanda kina tabia ya kupokea yambwa mbili: mchezaji hufunga bao, na pia huwafunga watu. "Chama aliwafunga bao" ni sentensi kamili, na ndani yake mtenda na watendwa wote wapo. Hiyo ndiyo sentensi ya shabiki wa Simba, ila yeye huongeza jambo moja: huacha "Simba imewafunga" na "Simba wamewafunga", akasema "tumewafunga". Katika makala haya naiita timu kwa upatanisho wa "i", kwa kuwa naitaja kama chama. Shabiki huitaja kwa "tu", kwa kuwa kwake yeye mtenda ni pamoja na yeye aliyekaa jukwaani.

Mtani hawezi kukana kwamba bao limeingia. Anachoweza kufanya ni kumwondoa mtenda. Njia ya kwanza ni kauli ya kutendwa iliyoachwa wazi: "Vita walifungwa." Walifungwa na nani? Sentensi hailazimiki kujibu. Njia ya pili ni ya werevu zaidi, nayo ni kauli ya kutendeka: "Vita wanafungika." Kauli hii haikubali kabisa "na" ya mtenda. Husemi "mlango umefunguka na Juma". Wasema umefunguka tu, kana kwamba kufunguka kulikuwa ndani ya mlango wenyewe. Kadhalika asemaye kwamba Vita wanafungika amehamisha sababu ya bao kutoka mguu wa Chama hadi udhaifu wa Vita. Hakusema uongo juu ya matokeo. Amebadili kauli tu, na sifa imepotea njiani.

3. Kushinda na kushindwa

Kitenzi "shinda" kina mtego wake. Kukishindwa mtu, Kiswahili hakimwambii msikizaji kama ameshindwa na mwingine au ameshindwa na jambo lenyewe. "Vita walishindwa" yaweza kumaanisha kwamba walizidiwa, na yaweza kumaanisha kwamba hawakuweza. Basi watu wawili wanaweza kuitamka sentensi moja, wakaitikiana, na kila mmoja akaenda zake akiamini kwamba mwenziwe amekubali neno lake.

Kamusi zaonyesha pia maana nyingine ya "shinda", yaani kukaa mahali au katika hali fulani kwa muda mrefu: kushinda nyumbani, kushinda njaa. Sidai kwamba maana moja imezaa nyingine. Lakini shabiki wa timu ipatayo mabao yake jioni hufurahi kuziunganisha: kwake aliyeshinda ni yule aliyeshinda uwanjani, asitoke mchezoni mpaka filimbi ya mwisho.

4. Kubahatika na kubahatisha

Kutokana na nomino "bahati" tumepata vitenzi viwili vinavyochanganywa mara nyingi. "Kubahatika" ni kufikiwa na bahati. Aliyebahatika hakufanya neno. "Kubahatisha" ni kujaribu jambo bila ya kuwa na hakika, kama mwanafunzi ajibuye mtihani asioujua. Mtani apendelea hiki cha pili, kwa sababu ndani yake mna dharau: "Wamebahatisha tu." Lakini hapa sarufi yamgeuka. Kauli ya kutendesha yahitaji mtenda. Abahatishaye ni mtu aliyejaribu, aliyepiga, aliyekuwa mbele ya lango dakika ya 90. Kwa kutafuta neno la kudharau zaidi, mtani amemrudisha uwanjani mtu yule yule aliyekwisha kumwondoa kwa "kufungika".

Upande wa Simba hujibu kwa neno "moyo": timu ina moyo, ndiyo maana haikati tamaa. Neno hili lasikika kuwa kinyume cha bahati, lakini kazi yake ni ile ile. Yote mawili hutaja sababu isiyoonekana, nayo hutajwa baada ya matokeo kujulikana.

Sasa tuyapime maneno haya mawili kwa hesabu. Katika hatua ile ya makundi Simba ilishinda michezo yake yote mitatu ya nyumbani: 3-0 juu ya Saoura, 1-0 juu ya Al Ahly, na 2-1 juu ya Vita. Ugenini ilifungwa yote mitatu: 5-0 na Vita, 5-0 na Al Ahly, na 2-0 na Saoura. Ilifunga mabao 6, yote Dar es Salaam. Ilifungwa 13, na 12 kati ya hayo ilifungwa ugenini. Ikiwa ilikuwa bahati, mbona bahati hiyo ilikuwa na makao maalumu? Kitu kijacho mahali pale pale mara tatu kwa tatu chafaa kutafutiwa sababu. Na ikiwa ulikuwa moyo, mbona wachezaji waliuacha nyumbani kila waliposafiri? "Bahati" yashindwa kueleza ushindi, na "moyo" washindwa kueleza vipigo. Maelezo yaliyo karibu na ukweli ni ya kawaida zaidi: uzito wa uwanja wa nyumbani na kelele zake, uchovu wa safari ndefu, na ustadi wa mchezaji mmoja mbele ya lango. Tena yajulikana na wachunguzi wa mchezo huu kwamba robo saa ya mwisho huzaa mabao mengi kuliko robo saa nyingine, maana miguu imechoka, aliye nyuma huthubutu zaidi, na dakika za nyongeza huhesabiwa humo. Bao la mwishoni si muujiza. Ni tukio lenye msimu wake.

5. Laiti mpira ungalikwisha

Silaha ya mwisho ya mtani ni kiambishi cha "-ngali-": "Mpira ungalikwisha dakika moja kabla, wangalitoka." Tumeona kwamba sentensi hii ni kweli tupu. Ubaya wake ni kwamba asemaye ndiye ashikaye saa. Aisimamisha dakika ya 89, wala haisimamishi dakika ya kwanza kabla Vita haijatangulia. Sharti la "-ngali-" laweza kuwa kweli na lisithibitishe chochote, kwa kuwa kila matokeo membamba yana "-ngali-" mbili zinazotazamana.

Ushahidi ulikuja mwaka 2023, na safari hii ulikuja upande wa pili. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger. Tarehe 28 Mei, Dar es Salaam, ilitanguliwa, ikasawazisha karibu na mwisho, kisha punde ikafungwa la pili. Tarehe 3 Juni ilishinda 1-0 jijini Algiers. Jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda kwa USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Shabiki wa Yanga aliyekuwa bingwa wa "kufungika" mwaka 2019 sasa alisema "tumewafunga kwao", akahitaji mtenda, tena wa nafsi ya kwanza. Shabiki wa Simba naye akavaa lugha aliyokuwa ameivua mtani wake. Hivyo twajua kwamba kauli hizi si mali ya klabu. Ni mali ya mahali mtu alipoketi.

6. Faida ya uchunguzi huu

Yapo mafundisho mawili. La kwanza lawahusu walimu. Tumezoea kufundisha kutendwa, kutendeka na kutendesha kama orodha ya viambishi, mwanafunzi akazikariri kama hesabu. Ila nje ya darasa mwanafunzi huyo huyo azitumia kwa werevu kutoa sifa na kuinyima. Kauli za vitenzi ni mizani ya wajibu: humpa mtu tendo, au humpokonya.

La pili ni zito zaidi. Namna ile ile ya kusema hutumika pasipo utani. Fedha "hupotea", mkataba "huvunjika", daraja "hubomoka", na wote hao ni ndugu wa "kufungika": hakuna mahali pa kuuliza "na nani?" Mashabiki hufanya hivyo kwa mzaha wakijuana, na mtani akizidisha hujibiwa papo hapo. Barazani pengine msemaji hajibiwi.

Kwa hiyo nashauri kipimo chepesi. Mtu akitoa hukumu juu ya ushindi au hasara, chukua sentensi yake, igeuze kauli, umrudishe mtenda aliyeondolewa au umwondoe aliyetiwa, kisha utazame kama ushahidi wake bado wasimama. Simba yenyewe ilipimwa hivyo mwezi uliofuata. Ilitoka suluhu 0-0 na TP Mazembe nyumbani. Kisha huko Lubumbashi ikatangulia kufunga, na mwisho ikafungwa 4-1. Siku ile waliotoka nyuma wakashinda walikuwa wengine, na shabiki wa Simba, kama sarufi ilivyotabiri, hakusema "wametufunga". Alisema, "Tumefungwa."