Watoro wa Zamani na Njia Zao

Katika vyuo vyetu vya Kurani mtoto asiyehudhuria darasa huitwa mtoro, na jina hilo ni la kulaumiwa. Zamani neno hilo hilo lilikuwa na uzito mwingine. Mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake, akahiari kufa porini kuliko kuuzwa tena. Twaonelea yafaa vijana wetu waijue habari yake, kwani katika nyumba za makumbusho mara nyingi husikika habari za minyororo na masoko, na kwa uchache habari za waliojiokoa kwa miguu yao wenyewe.

Sisi wa Maganzo hatuko mbali na mambo hayo. Kusini yetu iko Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, zilipokutana njia za misafara ya pembe na watumwa. Na pale Kwihara tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limehifadhiwa kuwa makumbusho. Njia moja ilitoka huko kuja kaskazini, ikapita Usukumani hadi ziwani, na ndiyo aliyoifuata Speke mwaka 1858. Wenye misafara hawakuwafunga watu kongwa na minyororo bure: walijua kuwa wakipata nafasi watakimbia.

Lakini katika safari za watoro, iliyo ya ajabu mno ni ile ya Wazigua. Yapata mwaka 1836 njaa kubwa iliingia Uzigua, bara ya Pangani na Saadani. Watu wengi wakapakiwa majahazini, wengine wakidanganywa kwamba wanakwenda kupata kazi na chakula, wakashushwa pwani ya Somalia na kutumikishwa mashambani. Baada ya miaka kupita, kundi lao likapatana kutoroka, nia yao ni kurudi kwao kwa miguu. Masimulizi ya wazee wao yamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walipofika mto Juba wakakaa katika misitu yake, nchi iliyoitwa Gosha. Wakalima, wakajilinda kwa silaha, na watoro wa makabila mengine wakaja kukaa huko. Lugha yao hawakuiacha, na baadaye wengi wao wakasilimu.

Mwaka 1991 vita vya Somalia vikawakimbiza wajukuu wao. Baadhi yao wakafika Tanga, wakapewa makao Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Hivyo safari waliyoikusudia wazee ilitimizwa na vizazi vyao, baada ya zaidi ya miaka 150.

Ndugu wasomaji, kwa nini twayaeleza haya? Kwa sababu bado ziko nyumba ambamo posa hukataliwa kwa mnong'ono tu kwamba babu wa kijana alikuwa mtumwa, na wanaonong'ona husali naye safu moja. Bilal alikuwa mtumwa, Abubakar Siddiq akamkomboa, naye akawa mwadhini wa Mtume (S.A.W.). Katika Suratut Tauba, aya ya 60, kukomboa watumwa kumewekewa fungu lake katika zaka. Wala tusijifiche: miongoni mwa waliouza na kununua watu walikuwamo Waislamu, nao waliyatupa mafunzo hayo nyuma ya migongo yao. Sheria za kuuondoa utumwa zilitoka Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Watoro hawakuzingoja.

Aibu, basi, ni ya aliyefunga kamba, si ya aliyeikata. Mzee mwenye habari ya babu yake aliyetoroka asiizike pamoja naye. Na awaite wajukuu baada ya sala ya magharibi, awatajie nchi alikotoka babu huyo, mito aliyovuka, na watu waliompokea na kumpa chakula. Na kijana akija kuposa, tumuulize dini yake na tabia yake. Hayo yatosha.