Mafunzo ya askari porini: raia wa Masisi na Walikale anapata faida gani?

Ukitoka Sake kuelekea Masisi-centre, unapanda vilima vya baridi na ukungu. Ukiendelea hadi Walikale, unashuka katika msitu mzito, wenye mvua, matope na mito kama Lowa. Askari anayetumwa katika teritware hizi mbili anakutana na mambo ambayo hayafundishwi katika uwanja wa paredi.

Ndiyo maana majeshi mengi yanapeleka askari wao mlimani na msituni kabla ya vita. Wanatembea siku nyingi na mzigo mgongoni, wanalala inje, wanasoma ramani, wanavuka mto kwa kamba na kumbeba mwenzao aliyeumia. Kuna wanaosema hiyo ni michezo tu. Lakini hapo ndipo askari anazoea kushinda woga, na mkubwa wake anajua nani anaweza kuongoza wengine wakati wamechoka na wana njaa.

Brazil ina shule ya vita vya msituni kule Manaus tangu 1964. Tangu 2019 walimu wa jeshi la Brazil walikuja Beni, chini ya MONUSCO, kufundisha mbinu hizo. Sisi wenyewe tuna kituo cha zamani cha makomando, Kotakoli, katika Ubangi ya Kaskazini.

Raia anahusika wapi? Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Askari asiyejua kujitunza porini anang'oa muhogo wa mama, anakamata mbuzi, anawalazimisha vijana kumbebea mizigo. Aliyezoea kubeba mzigo wake na kupima chakula chake hana sababu hiyo.

Lakini tusidanganyane, mazoezi peke yake hayatoshi. Mwaka 2010, Wamarekani walifundisha batayo ya 391 ya makomando huko Kisangani. Novemba 2012, M23 ilipochukua Goma, wanajeshi wa serikali walikimbilia Minova bila mpango. Umoja wa Mataifa ulihesabu wanawake 102 na wasichana 33 waliobakwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kingono na wanajeshi hao, na batayo ya 391 ilitajwa kati ya zilizohusika. Mwezi wa tano 2014, mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu kwa washitakiwa 39, na ni wawili tu waliohukumiwa kwa ubakaji.

Hapo kuna somo. Mwili wenye nguvu hauleti nidhamu kama mshahara haufiki, chakula hakifiki, mkubwa amekimbia na mkosaji haadhibiwi. Pori linamfundisha askari kuvumilia. Kumheshimu raia kunatoka kwa wakubwa wake na kwa mahakama.

Kwa hiyo, ukisikia kwamba batayo mpya imefundishwa, usiulize tu kama wanajua kupiga risasi. Uliza pia: watakula nini, na nani atajibu wakikosea?