Gariali, Mamba Asiyeweza Kuuacha Mto

Gariali ni mamba wa mito ya India na Nepal. Pua yake ni ndefu na nyembamba, ina meno zaidi ya 100, na imeumbwa kwa kufyeka maji pembeni na kunasa samaki. Hawindi watu. Dume aliyekomaa huota nundu ya duara kwenye ncha ya pua. Imefanana na chungu, ghara kwa Kihindi, na ndiko lilikotoka jina lake.

Zamani alienea tangu Mto Indus, Pakistan, hadi Irrawaddy, Myanmar. Kuwindwa kwa ngozi, kuokotwa mayai na kunaswa nyavuni kulimmaliza, hata mwaka 1976 ikakadiriwa kuwa waliosalia porini hawafiki 200. India ilikuwa imeanza mradi wa kumwokoa mwaka 1975, ikisaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Mayai yalikusanywa mitoni na kuanguliwa katika vituo kama Kukrail, Lucknow, kisha makinda wakalelewa hadi kupita urefu wa mita moja ndipo wakaachiwa. Nepal ilifuata mwaka 1978 huko Kasara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Chitwan. Maelfu waliachiwa.

Lakini kuachiwa si kuzaliana. Jike hupitisha miaka minane au zaidi kabla ya kutaga, na dume huchelewa zaidi, kwa hiyo makinda wengi wanaweza kuonekana mtoni huku wazazi wakipungua. Ndivyo ilivyokuwa: kati ya 1997 na 2006 wakubwa walishuka kutoka 436 hadi 182, na mwaka 2007 shirika la uhifadhi la IUCN likamtaja kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Jike hutaga Machi na Aprili, mayai kama 40, katika kingo za mchanga. Makinda hutoka Juni, muda mfupi kabla ya mvua za monsuni, na mafuriko huwachukua wengi wao. Hasara hiyo ni ya kawaida, na jamii yake huistahimili maadamu wakubwa wanaishi miaka mingi na kutaga tena na tena. Isichostahimili ni kufa kwa wakubwa hao. Gariali akinaswa kwenye nyavu za makila hushindwa kuibuka kuvuta pumzi, akafa maji. Mabwawa hubadili mkondo, na mchanga wa kutagia huzolewa kwa ujenzi. Mamba wengine huweza kutembea kutafuta dimbwi jingine. Gariali mkubwa hawezi kujiinua kwa miguu yake, hujiburuta kwa tumbo tu. Mto ukiharibika, hana pa kuhamia.

Katika majira ya baridi ya 2007–2008 walikufa gariali zaidi ya 100 mtoni Chambal, India. Mizoga ilionyesha jongo na figo zilizoharibika, na tuhuma ziliangukia sumu iliyoingia kupitia samaki wa Mto Yamuna. Msiba huo ulitisha kwa sababu Chambal, hifadhi inayogusa majimbo matatu, ndiyo yenye gariali wengi kuliko mito mingine yote pamoja. Huko bado dume mmoja huonekana akilinda mamia ya makinda, wengine wamempanda mgongoni.

Nepal ina shida nyingine: madume wakubwa ni wachache mno. Jinsia ya kinda huamuliwa na joto la kiota, na madume hutoka kwenye joto la wastani, karibu nyuzi 32, kwa hiyo anayetunza mayai kituoni hulazimika kulichunga joto la mchanga.