Barua ya Jirani

Wengi hudhani hadithi ya mfululizo ni mali ya mtunzi peke yake. Sivyo. Kwa kuwa inatoka sehemu kwa sehemu, msomaji anaweza kutia mkono chungu kikiwa bado jikoni.

Mchukue Charles Dickens wa Uingereza. Mwaka 1836 alianza kutoa The Pickwick Papers, kijitabu kimoja kila mwezi kwa shilingi moja. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wachache. Katika sehemu ya nne akamwingiza Sam Weller, msafisha viatu wa nyumba ya wageni, mwenye maneno ya kuchekesha. Watu wakampenda! Dickens akampa nafasi kubwa, na mfululizo ulipomalizika mwaka 1837 ulikuwa ukiuzwa karibu nakala 40,000 kwa mwezi.

Lakini kicheko hicho hicho huweza kumwumiza mtu. Desemba 1849, katika David Copperfield, Dickens alimleta Bi Mowcher, mwanamke kibeti anayetengeneza nywele za matajiri huku akipiga umbea na mizaha. Alikusudiwa kuwa mshirika wa kijana tajiri katika kumpotosha msichana mmoja. Jirani yake Dickens huko London hakucheka. Alikuwa mama wa kimo hicho hicho, aliyepata riziki kwa kutibu miguu ya watu. Alijitambua mara moja. Akamwandikia Dickens jinsi alivyoumia, na wakili wake naye akaandika. Dickens alikiri kwamba kwa kiasi fulani alikuwa amemfikiria yeye, akaomba radhi, akaahidi kubadili mambo. Machi 1850 Mowcher akarudi akilia: kumbe ni mtu mwema aliyedanganywa. Baadaye ndiye anayemkamata mhalifu.

Hadithi iliharibika kidogo, sikatai. Ukiisoma leo utakuta Mowcher wawili wasiofanana. Lakini yule mama alikuwa na wateja wa kuwakabili, na huenda baadhi yao walikuwa wamekwisha kucheka. Mimi nasema Dickens alifanya sawa.

Nasema hivyo kwa sababu ya barua moja tuliyoipata studioni miaka mingi iliyopita. Msikilizaji mwenye kigugumizi alieleza kwamba watoto wa mtaani kwao sasa wanamwita kwa jina la mhusika wa mchezo wetu. Mtayarishaji aliisoma kwa sauti, akiigiza kigugumizi. Tulicheka sote, nami nikiwamo. Barua ikawekwa kabatini, na mchezo ukaendelea Jumapili iliyofuata.